Anakinga Tu, Hapigi

Siku ya soko Walikale, kibanda cha kuchaji simu cha Mama Kasika kilisongwa na wateja hadi mbao zikalia. Mpwa wake Kahambu, ndani ya kitenge chake cha ndege wa manjano, alikuwa anawajibu watu huku anaiba nafasi ya kucheza. Mchezo wenyewe ni ule wa mapanga, wa kupigana mtandaoni na watu usiowajua hata kwa sura. Alikuwa anakufa, kama kawaida yake.

"Dada, unakinga kama mutu anafukuza nzi," sauti ikasema juu ya kichwa chake.

Kahambu akainua macho. Kijana mrefu, buti za mpira zimejaa tope, lakini shati jeupe pee, utadhani limevaliwa na mtu mwingine.

"Na weye uko nani, Papa Mwalimu?"

"Evode, wa Ngungu. Nakuja na kamyo kununua mawese. Leta simu nikuonyeshe."

"Nikupe simu yangu? Kwani sura yangu iko ya mujinga?"

"Sura yako iko muzuri. Mukono njo iko mujinga."

Wateja wakaangua kicheko. Kahambu naye akacheka, na jamani, mwanamke akishacheka hivyo kazi imekwisha.

Evode akamfundisha pale pale, wamesimama bega kwa bega. Ngao usiishike muda wote, nguvu zitaisha na itavunjika. Usiangalie upanga wa adui, angalia bega lake, maana bega halijui kudanganya. Subiri, subiri tena, na pigo linapokaribia kukugusa, hapo ndipo unakinga: *kang!* Adui anayumba. Kahambu akajaribu, akafa. Akajaribu tena, *kang*, akapiga yowe lililomshtua shangazi yake.

Tangu hapo kila kamyo, yaani lori, iliyotoka upande wa Ngungu ilimletea Evode. Akiwa kwao Ngungu walikutana ndani ya mchezo, kwenye daraja la mawe lenye ukungu, wakipigana kwa mahaba. Halafu Kahambu anampigia simu.

"Sheri wangu, mbona pigo yangu ya tatu haukingi hata siku moja?"

"Ile naachia weye."

"Kwa nini?"

"Mutu anakinga mupaka mupenzi wake?"

"Muongo weye! Sema umeshindwa!" Lakini alilala anatabasamu.

Kisha vita vikarudi. Watu wa Ngungu wakakimbia, wengine Shasha, wengine Kibabi, wengine msituni. Namba ya Evode ikawa haipatikani. Dereva mmoja akaleta habari kwamba kamyo imeungua njiani na vijana waliokuwa juu yake hawakuonekana tena. Kahambu akaweka kitenge cha ndege ndani ya sanduku, akafunga kitambaa cheusi kichwani. Hakutaka kula. Alimpenda yule kijana, na hakuwa na kaburi la kwenda kulilia.

Mchana mmoja wa mvua, soko tupu, akafungua mchezo ili alione tu lile daraja.

Mtu alikuwa amesimama pale.

Ukungu ulimfika magotini. Juu ya kichwa chake jina liliandikwa: EVODE WA NGUNGU.

Akaandika: "Evode?"

Yule mtu akageuka, akamtazama.

"Njo weye? Jibu basi!"

Hakujibu. Kahambu akampiga kidogo kwa upanga. *Kang.* Akampiga tena. *Kang.* Hakurudisha pigo. Alisimama tu, ngao mbele, kama mlango uliofungwa.

Kesho yake mchana, akamkuta pale pale. Na kesho kutwa. Mama Kasika, rozari mkononi, akachungulia ile simu akarudi nyuma.

"Zima hiyo kitu, mwanangu! Mufu hapigi, anakinga tu."

"Tante, kama iko muzima?" Kahambu akamwuliza shangazi yake.

"Na kama ni ule mwenye alimuua, njo ameshika simu yake? Anangoja useme uko wapi. Muzimu ao muuaji, yote mbili hapana kujibu!"

Neno hilo likamwingia kama baridi. Akisema naye, huenda anamwonyesha muuaji njia ya kwao. Asiposema, huenda anamtelekeza Evode. Lazima ajue ni nani. Na lipo jambo moja ambalo mwizi yeyote wa simu asingelijua: pigo la tatu.

Akaingia darajani. Pigo la kwanza, *kang*. La pili, *kang*. Akavuta pumzi, akamwomba Mungu, akapiga la tatu.

*Kang.*

"Muuaji!" Kahambu akapiga kelele kibandani peke yake. "Umefanya nini na mutu wangu?" Akapiga, akapiga, akilia, na yule akakinga, akakinga. Mwishowe akambloke, akamfungia asimfikie tena, jina likafutika. Jioni ile akakaa chini kwenye mkeka, akamlilia Evode matanga.

Majuma yakapita. Siku ya soko, mtu akasimama mbele ya kibanda, mwembamba, miguu imevimba. Mama Kasika akaangusha rozari. Kahambu akashika mpini wa ufagio.

"Hapana karibia! Uko mutu ao nini?"

"Niko mutu wa njaa."

"Muguse," shangazi akanong'ona. "Kama iko baridi, kimbia."

Kahambu akanyoosha mkono, akamgusa shingoni. Palikuwa na joto, na mshipa unapiga. Akauachia mpini wa ufagio ukaanguka.

Evode akaweka simu mezani. Kioo kimepasuka, upande wa kuume mweusi tii. "Huu upande ulikufa siku tuliruka toka kamyo ikiungua. Kuandika, kupiga upanga, kupiga ao kupokea simu, yote iko kule. Ilibakia kutembea na kukinga."

"Ungeomba simu ya mutu!"

"Namba yako iko ndani ya hii. Kichwani sikuishika."

"Haujue namba yangu?" Woga ukamtoka wote kwa hasira. "Na pigo ya tatu? Ulikinga kwa nini?"

"Ningekufa ndani ya mchezo, butoni ya kuanza tena iko kuume. Na kule Kibabi balisema soko ya Walikale imeungua na batu yote." Akaigusa ile simu iliyopasuka. "Nilikuwa napanda kilima kutafuta rezo ya simu. Kila wakati ulinipiga, nilijua uko muzima. Uliponibloke, nikaanza kutembea kuja kwako."

Kahambu akalia bila aibu, mbele ya wateja.

"Nilikulilia matanga, Evode. Nimevaa nyeusi. Batu yote hapa banajua niko mujane wako."

"Basi nikuoe."

"Utaoa mujane wako mwenyewe?"

"Nani mwengine atakubali?" Evode akasema, na taratibu akamfungua kile kitambaa cheusi.