Vitenge Vilivyofuliwa

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Rugerero, mama yake Kamikazi alifunga gunia la vitunguu. Kisha alimbeba mtoto Mugisha mgongoni kwa kitenge, akajitwika mzigo, akashuka kuelekea mpakani. Vitunguu alikwenda kuviuza Goma, upande wa Kongo. Mugisha, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, alishinda kwa Mama Iribagiza, mlezi aliyetunza watoto wa wafanyabiashara wanaovuka mpaka.

Shule zilipofungwa, Kamikazi, mwanafunzi wa darasa la sita, alianza kwenda huko kusaidia.

Mama Iribagiza alikuwa na utaratibu wake. Hakukubali mama yeyote amtoroke mtoto. Kila mama alimfungua mtoto wake mgongoni, akatundika kitenge kwenye msumari ukutani, akaaga, kisha akaondoka akiita bidhaa yake. "Vitunguu! Vitunguu vya Rugerero!" Watoto walitega masikio mpaka sauti ikapotea barabarani, kisha wakarudi kwenye michezo yao.

Wiki hiyo kila mtu alizungumza habari moja. Uongozi wa sekta, yaani kata yao, ungemchagua mlezi bora wa watoto wadogo, na wageni wa kamati ya kumchagua wangepita siku yoyote. Kamikazi alitamani sana Mama Iribagiza ashinde.

"We Kamikazi, mutu anapewa zawadi juu ya kufuta kamasi?" alisema Dauda, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa amekuja na mama yake kumleta dada yake mdogo, Zaina. "Hiyo kazi hata mi naiweza. Mtoto akilia, mpe uji. Bon, nileteeni zawadi yangu!"

"Nyamaza, huna unachojua."

"Sijui? Angalia ukuta wenu. Matambara matupu! Yananuka jasho na samaki. Wageni wataziba pua."

Maneno hayo yalimchoma Kamikazi. Alivitazama vile vitenge, vingine vimefifia, vingine vina madoa ya maziwa. Yeye, ambaye kila siku alirudi nyumbani kupika kabla ya watoto kulala, alidhani vinatundikwa pale kwa kukosa kabati. Mama Iribagiza alipotoka barazani mbele ya nyumba kuwanywesha watoto uji, Kamikazi alivikusanya vyote, akaviloweka nyuma ya nyumba kwenye sabuni nyingi, akavisugua mpaka mikono ikamuuma. Alivianika kwenye ua wa nyuma huku akiimba. Alitaka kumfurahisha Mama Iribagiza bila yeye kujua.

Saa ya kulala ikafika. Mama Iribagiza aliinua mkono kuchukua kitenge cha kwanza, akakuta misumari mitupu. Alichungulia dirishani na kuona vitenge vikidondosha maji. Mugisha alipapasa mkeka, akatafuta, akaanza kulia. Zaina akafuata. Punde chumba kizima kililia kwa pamoja.

Hapo hapo hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Madamu Vénantie, kiongozi wa kamati, akiwa na mwenzake.

"Mbona wanalia wote?" aliuliza Madamu Vénantie kwa sauti ya juu ili asikike. "Hawajamzoea mlezi wao?"

"Karibuni, Madamu," alijibu Mama Iribagiza. "Leo kuna kitu wamekikosa. Nipeni dakika chache."

Kamikazi alisikia yote akiwa mlangoni. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Lakini Mama Iribagiza atakosa sifa yake kwa kosa lisilo lake. Akaingia, mikono bado ina povu.

"Madamu, si yeye. Ni mimi. Nimefua vitenge."

"Kufua ni kosa?" aliuliza Madamu Vénantie kwa mshangao.

Mama Iribagiza alimbeba Mugisha begani. "Kila mtoto hapa hulala na kitenge cha mama yake, Madamu, kwa sababu kina harufu yake. Mama zao huvifua nyumbani mwisho wa wiki, kisha huwabeba watoto navyo tena kabla ya kuvileta hapa. Kamikazi hakujua, na mimi sikumweleza." Akamgeukia Kamikazi. "Nawa mikono, mwanangu, umbebe ndugu yako. Kazi iendelee."

Dauda, aliyebaki kuwaona wageni, alikuwa akihangaika na Zaina. "Mpe uji, Dauda," alisema Mama Iribagiza. Dauda akampa. Zaina akautema wote kwenye shati la kaka yake.

Mama Iribagiza alicheka, akampokea mtoto, akaanza kutembea polepole akiita kama anavyoita mama yake Zaina, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani:

"Sambaza, sambaza, samaki wa Nyamyumba!
Njoo, mama, ununue, uwapikie wa nyumba!"

Zaina alinyamaza, akageuza shingo mlangoni, kisha akalaza kichwa. Mama Iribagiza akahamia kwa mwingine na wimbo wa kabichi, kisha wa karoti. Kamikazi naye akaita, "Vitunguu! Vitunguu vya Rugerero!" na Mugisha akasinzia mgongoni mwake. Hata Madamu Vénantie alivua viatu, akaketi mkekani na mtoto mapajani.

Mwisho wa mwezi watu walijaa uwanjani kumsikia mshindi. Jina la Mama Iribagiza liliposomwa, akina mama hawakuridhika na makofi. Kila mmoja aliita bidhaa yake kwa nguvu zote: "Sambaza! Kabichi! Vitunguu!" Uwanja mzima ulicheka. Dauda aliita kuliko wote.

"Siku ile nilikaribia kugeuka mlangoni na kuondoka," alisema Madamu Vénantie. "Msichana mmoja alisema kweli, nikabaki, nikaona kazi yenyewe. Watoto wote hulia. Mlezi bora ni yule anayejua wanalilia nini."

Akina mama walimvika Mama Iribagiza kitenge kipya. Kamikazi alimsogelea akiwa ameinamisha kichwa.

"Inua uso," alisema Mama Iribagiza. "Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza kazi yake inafanywaje. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Ukweli wako ndio uliotupa siku hii." Alikishika kile kitenge kipya. "Nitakivaa wiki hii yote mpaka kishike harufu yangu, kisha nitakukabidhi ukitundike ukutani. Siku nikiugua, watoto watalala nacho. Lakini, Kamikazi..."

"Sitakifua, Mama!" alijibu Kamikazi haraka, na wote wawili wakacheka.