Namba Iliyosemwa kwa Mdomo

Jumamosi ile mume wangu, Preben, aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni anakata mkate mweusi huku anaimba. Preben akiimba asubuhi ujue ana jambo. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na siku hiyo shule yake ilikuwa mwenyeji wa shindano la hesabu la wilaya kwa mara ya kwanza. Watoto wa shule tano walikuwa wanakuja.

"Jytte, keki ziko tayari?" aliniuliza.

"Toka jana. Karatasi zako je?"

"Zimefungwa na zina muhuri. Hakuna aliyezigusa."

"Hata mwanao?"

Mwanetu Anker, wa miaka kumi na tatu, aliinua macho kutoka kwenye bakuli lake. "Mama, Baba hata chumba chake amenikataza. Nimetupwa kwa mwalimu Connie."

Ni kweli. Washindani waligawanywa vyumba viwili. Preben alisimamia kimoja, na Connie akasimamia kingine. Kanuni inasema mzazi asisimamie mtoto wake, basi Anker akapelekwa kwa Connie. Mume wangu kwenye kanuni hana mzaha. Ndiyo maana yaliyotokea yalimuuma sana.

Shindano lilianza saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni mwa shule napanga vikombe. Muda si mrefu waandaaji walipiga simu kutoka mji wa Aarhus. Swali la sita lilikuwa na kosa la uchapaji. Lilihusu bustani ambayo urefu wake ni mara mbili ya upana, na uzio wa kuizunguka ni mita sitini. Mtoto atafute eneo la bustani. Waandaaji walisema ile sitini isomeke tisini.

Connie aliandika ubaoni: 90. Preben hakuandika kitu. Alisimama mbele ya watoto, akatangaza kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe: "Swali la sita, uzio ni mita halvfems."

Halvfems ndiyo tisini kwa Kidenmark. Sisi tumezaliwa nayo, hatuifikirii. Lakini ukiisikiliza kwa sikio la mgeni, ni kama mtu amesema "nusu ya tano", yaani nne kamili na ya tano nusu. Wazee wetu wa kale walihesabu kwa ishirini ishirini, na ishirini nne na nusu ni tisini. Walichokuwa wanakitafuta wanakijua wenyewe.

Baada ya shindano watoto walikuja kunywa maziwa na kula keki. Walimu wa shule nyingine walikaa kusahihisha. Baadaye Preben aliingia jikoni, akafunga mlango. Uso ulikuwa unamng'aa.

"Anker ni wa tatu," alininong'oneza. "Watatu wa kwanza wanakwenda fainali. Usimwambie mtu, bado hatujatangaza."

Nilimkumbatia na mikono yangu ya povu la vyombo. Mtoto wangu alikuwa ameitaka fainali hiyo mwaka mzima. Nilifurahi, sikuficha.

Hapo mlango ukagongwa. Aliingia Bi Herdis, jirani yetu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akiandaa mashindano ya namna hii. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja aitwaye Ragnhild, na binti yake Eldrid. Walikuwa wamehamia kwetu kutoka Norwei kiangazi kilichopita. Eldrid alikuwa amefanyia shindano kwenye chumba cha Preben, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Preben, msikilize huyu mtoto," alisema Bi Herdis. "Eldrid, mwambie ulivyoniambia."

Eldrid aliangalia sakafu. "Swali la sita halina maana. Uzio mzima wa mita nne na nusu? Meza hii haienei kwenye bustani hiyo."

"Nani kasema nne na nusu?" Preben aliuliza.

"Wewe, mwalimu. Ulisema halvfems. Kwetu hiyo ni nne na nusu."

Preben alishika kichwa. "Mungu wangu. Lakini mbona hukuuliza?"

"Niliinua mkono. Ukasema hakuna maswali."

Ragnhild hakugomba. Alimshika tu binti yake begani.

"Kanuni inasema msimamizi haelezi swali," Preben alijitetea. "Halafu lugha zetu ni ndugu. Mimi Kinorwei nakisikia vizuri."

"Wewe unakisikia kwa sababu umezeeka ukikisikia," Bi Herdis alimjibu. "Sasa nisikilize. Mtoto hakukuomba umweleze swali. Alikuomba namba. Marekebisho yakija, yanakuwa sehemu ya karatasi, na karatasi inasomwa kwa macho. Yaandike ubaoni, kwa tarakimu, yakae pale mpaka mwisho. Vyumba vyote vifanye hivyohivyo, na kwa wakati mmoja. Mtoto akiuliza, mwonyeshe ubao, unyamaze."

"Connie aliandika," Preben alisema kwa sauti ndogo.

"Basi chumba kimoja kimesoma na kingine kimesikia. Hapo hamkuwa na shindano moja, mlikuwa na mawili."

Preben alikaa kwenye kiti. "Sawa. Nitampa Eldrid alama za swali hilo, yaishe. Hesabu yake ni sahihi kwa namba aliyoisikia."

"Huwezi," alisema Bi Herdis. "Mwenyeji hagawi alama kwa huruma. Leo utampa huyu kwa sababu amelia. Yule aliyekosea akanyamaza, utamjuaje? Shule ikikosea, inawaambia waandaaji kilichotokea, bila kupunguza. Wao ndio wanaoamua. Na iwe kabla ya kutangaza, maana ukishatangaza kila atakayeguswa ataona ameibiwa."

Mimi nilikwisha piga hesabu yangu. Preben alikuwa ameniachia orodha ya matokeo mezani. Eldrid alikuwa wa nne, nyuma ya Anker kwa alama moja tu, na swali la sita lilikuwa na alama tatu. Nilimvuta mume wangu pembeni.

"Preben, ukipiga simu hiyo, Anker anaweza kutoka."

"Najua."

"Si mtoto wetu yule?"

"Ni wetu, Jytte. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Yeye aliandikiwa ubaoni."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Herdis, na hata yule mtoto wa watu niliona afadhali wangebaki kwao. Lakini nilimpisha.

Preben akapiga simu mbele yetu wote. Alisema kosa ni lake, akataja chumba, akataja na mkono aliokataa kuujibu. Waandaaji wakaomba muda kidogo. Walipopiga tena, uamuzi ulikuwa mfupi: swali la sita lifutwe kwa washindani wote wa kituo chetu. Eldrid akapanda akawa wa tatu. Anker akashuka akawa wa nne.

Kabla ya kutangaza, Preben alimwita Anker kwenye korido. Nilisimama nao.

"Lakini mimi nililipata swali hilo," Anker alisema.

"Ulilipata."

"Sasa kosa langu nini?"

"Huna kosa, mwanangu. Kosa ni langu, na limekuangukia wewe. Nisamehe."

Anker alilia, na baba yake akalia naye. Siku mbili kijana hakusema na baba yake. Sikumlazimisha.

Mwaka uliofuata shule iliomba tena kuwa mwenyeji. Mapema, Preben na Connie walisoma kanuni zote pamoja, wakafanya mazoezi kama watoto wanaocheza shule. Kila chumba kiliwekwa saa ya ukutani na ubao uliofutwa. Kila tangazo lingeandikwa, na msimamizi asingeongeza neno. Watoto waliambiwa mapema kwamba mkono ukiinuka, msimamizi anakuja, na mwenye malalamiko ayatoe kabla ya matokeo. Ragnhild alikubali kusimamia chumba cha tatu, na Eldrid akawekwa kingine.

Katikati ya shindano simu ikalia tena. Tarakimu moja kwenye swali la pili ilikuwa na kasoro. Vyumba vyote vitatu, chaki zikaandika kitu kilekile dakika ileile. Hakuna mkono ulioinuka.

Jioni, matokeo yakasomwa. Hakuna aliyelalamika, hata wale wa mwisho. Eldrid alikuwa wa kwanza na Anker akawa wa pili. Jina la mwanangu liliposomwa, wa kwanza kusimama kumpigia makofi alikuwa Ragnhild. Mimi, niliyetamani wangebaki kwao, nilibaki nimekaa, nalia.