Makopo Manne ya Darasa la Sita

Mama yangu ni mtafiti wa virusi. Watu wakisikia hivyo husema "Oho" kwa heshima, kisha huuliza ni virusi gani. Mama huwajibu bila kupepesa macho: vile vinavyoleta kuhara na kutapika, na vile vya homa ya ini. "Na vyote hivyo," huongeza, "navitafuta kwenye kinyesi." Heshima huishia hapo.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Kila asubuhi niliamka nikakuta ameshaondoka, chai imo kwenye chupa, na maji yaliyochemshwa yamejazwa kwenye chupa yangu ya shule. Mama hakuamini maji ya mtu. Nadhani hata ya mvua angeyachemsha yakiwa bado mawinguni, kama angepata ngazi. Jioni nilikula peke yangu, nikafanya hesabu peke yangu, nikasikiliza friji ikinguruma mpaka niliposikia funguo zake mlangoni. Kusema kweli, nilikuwa mpweke.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Siku moja mama alikuja darasani kwetu na boksi lake la barafu, akagawa makopo madogo. Kila kopo lilikuwa na namba badala ya jina, na kijiko kilichoshikizwa ndani ya kifuniko. Alieleza kwamba anatafuta virusi vinavyowaumiza watoto matumbo hapa mjini, kwamba wazazi wamekwisha kutoa idhini, na kwamba kila mmoja alete kinyesi kidogo kesho asubuhi.

"Asiyeweza, au asiyetaka, arudishe kopo tupu," alisema. "Sitamuuliza mtu."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kufikia mapumziko nilikuwa nimeshapata jina: Binti Kopo.

Kwa hiyo nilishangaa Kasuku aliponifuata. Tulimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Hata kwenye mtihani midomo yake ilicheza. Yeye na wenzake wawili walikuwa na mahali pao nyuma ya karakana, penye bomba la bustani, na hakuna aliyekaa pale bila kualikwa.

"Mwenzetu, wewe umezoea mambo haya," alisema, akinisukumia makopo matatu. "Sisi tunaona kinyaa. Tujazie na yetu."

"Mama amesema mnaweza kurudisha matupu."

"Turudishe matupu, darasa zima lituone waoga? Tusaidie bwana. Halafu njoo uwe unakaa na sisi."

Mkono mtupu haulambwi, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho wenzangu walikihitaji. Asubuhi nilijifungia chooni nikajaza makopo manne kutoka tumbo moja. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana malezi ni malezi.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za raha. Nilikaa nyuma ya karakana nikimsikiliza Kasuku akisimulia mambo ambayo nusu yake aliyatunga papo hapo. Foleni ya tangi la maji ya kunywa ilikuwa ndefu, kwa hiyo wao walikinga viganja kwenye bomba la bustani wakanywa. Mimi nilikunywa ya chupa yangu, wakanitania kwamba nimefungiwa maji ya mgonjwa. Nyumbani mama aliniambia majibu yametoka: homa ya ini haikuonekana darasani kwetu. Alikuwa anafunga vifaa vyake ahamie shule nyingine.

Kisha Kasuku akanyamaza. Alikaa ameegemea ukuta, hataki kula, hataki mzaha. Siku ya tatu alitapika, na Jumatatu hakuja. Mwalimu alituambia kwamba macho yake yamekuwa ya manjano na daktari amesema ni homa ya ini.

Jioni nilimweleza mama.

"Hiyo hakuipata shuleni," alisema huku akivua viatu. "Makopo ya darasa lenu nimeyapima yote. Kesho naanza kutafuta mtaani kwao."

Nilimaliza kula, nikaosha sahani. Habari ya makopo sikuigusa.

Kesho yake niliwaambia wale wawili kwamba inabidi tuseme. Mmoja alinitazama kama mtu asiyenijua. "Ukisema, sote tutaitwa ofisini," alisema. "Na ukisema, usitujue tena." Kisha aliinama kwenye bomba, akanywa maji kwa viganja. Niliyatazama yale maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Hicho ndicho kitu pekee walichokinywa wao watatu na mimi sikukinywa.

Baada ya masomo nilienda maabara. Nilimwona mama kupitia kioo, amevaa koti jeupe na glavu, akidondosha maji tone kwa tone kwenye vichupa vyembamba kuliko kidole. Alikuwa peke yake mle ndani. Nilitamani kugeuka nirudi nyumbani, lakini nikapiga moyo konde, nikagonga kioo.

"Mama," nilisema alipotoka, "makopo manne ya darasa letu ni ya mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliketi kwenye benchi la ukumbini. "Unajua nilimwambia nini mwalimu mkuu? Nilimwambia sijaona homa ya ini kwa watoto wake. Akaniamini." Akavuta pumzi. "Hao watatu wanakunywa maji wapi?"

Nilimweleza habari za bomba la bustani. Kabla sijamaliza alikuwa ameshashika simu.

Bomba lilifungwa jioni ileile. Wale wawili walipewa makopo mapya, na safari hii walijaza wenyewe. Wote wawili walikuwa na virusi, ingawa macho yao yalikuwa bado meupe. Daktari akawa anawafuatilia, na darasa zima tukapelekwa kupata chanjo. Fundi alifukua akakuta bomba limepasuka hatua tatu kutoka shimo la choo.

Kasuku alirudi baada ya wiki tano, amekonda lakini midomo inacheza kama zamani. Alikaa nyuma ya karakana na wenzake. Mimi alinipungia mkono kwa mbali, kisha akawageukia wao. Siku hiyo nilikula mkate wangu kwenye ngazi za darasa, nikalia kidogo.

Jioni mama aliwahi kurudi. Jua lilikuwa halijazama. Aliketi mbele yangu bila kuvua hata viatu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kopo tupu lingeniambia sijui, nami ningeendelea kutafuta. Kopo la uongo liliniambia hakuna kitu, nikaacha. Mtu akikuomba umsaidie kwa uongo, umekataa kumsaidia hapo unapokubali. Kasuku angepona wiki tano baadaye hata hivyo, lakini wangapi wengine wangekunywa maji yale? Hao umewakinga wewe siku uliyogonga kioo."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Sasa niambie. Ulijaza kwa nini?"

"Nilitaka mtu wa kukaa naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwepo."

Mama aliweka mkoba wake chini. "Ni kweli," alisema. "Natafuta ugonjwa kwa watoto wa watu, na wangu sijampima." Akanishika mkono. "Rafiki siwezi kukuoteshea maabara, ningekuwa nimeshakuoteshea. Lakini kuanzia wiki hii, Jumatano na Ijumaa nitafika nyumbani saa kumi. Inatosha?"

Zamani ningesema inatosha, ili afurahi.

"Haitoshi," nilisema.

Mama hakukasirika. Alivua viatu, akasogeza kiti karibu yangu. "Haya," alisema. "Nieleze ilivyo."