Kivuli Kilichosubiri

"Nguo zimekauka," sauti ilisema kwenye simu. "Zianuliwe kabla ya mvua."

Simu ikakatika.

Sindano akairudisha mfukoni, akajikuna shavu kama mtu aliyepigiwa na jirani. Nguo zimekauka: mzigo umeshafungwa. Mvua: mnunuzi yuko njiani.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, ghorofa ya tatu ya chuo kikuu, nje ya mlango ulioandikwa Maabara ya Utafiti wa Michezo. Pembeni yake mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa anasinzia, fimbo magotini. Wote wawili walikuwa wanasubiri zamu ya kucheza.

Ofisini kwao, idara ya usalama, walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa sababu alikuwa anapenya popote. Mchana huo alikuwa mjane aliyeteguka nyonga. Bastola yake, Beretta, aliiacha garini. Humu ndani watu walifungwa mikanda mwili mzima, na mkono wa mfungaji ungeigusa tu.

Mbali na pingu za plastiki alizoshonea kwenye upindo wa gauni, alikuwa na vitu viwili. Kibanio cha nywele kilichomletea sauti ya Mkuu wake sikioni. Na kifungo cha pili cha gauni, ambacho kikibonyezwa, mtandao wa jengo zima unakufa na hakuna kinachotumwa nje.

"Mama, karibu ndani," sauti ikamwita. "Pole kwa kukaa sana."

Alikuwa Daktari mwenyewe, mkuu wa maabara. Daktari wa vitabu, si wa dawa. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Kabla ya kumwongoza Sindano, aliinama akaiokota fimbo ya yule mzee iliyokuwa inateleza, akairudisha magotini taratibu asije akamwamsha.

Sindano aliliona hilo. Likamuuma.

Kwa maana huyu ndiye mtu ambaye Sindano alitumwa kumkamata.

Chumba kilikuwa kipana, sakafu imetandikwa magodoro membamba. Daktari akapiga magoti, akaanza kumfunga mikanda: kiunoni, magotini, viwiko, shingo. Kila mkanda ulikuwa na waya na kidude cha chuma cha kupima mwendo. Kabla ya kukiweka, alikifumbata viganjani kwanza.

"Unakifanyaje?" Sindano akauliza.

"Nakipasha moto. Chuma baridi kikimgusa mtu mzima anashtuka, akishtuka anaanguka."

"Na akianguka?"

"Namdaka. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa hapa, mama. Vitabu nimesoma vyote, lakini kutwa nzima kazi yangu ni kudaka watu." Akacheka. "Mke wangu anasema hata usingizini nanyoosha mikono."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu walioumia wakaogopa kutembea. Unavaa miwani mikubwa inayofunika uso, unajikuta kando ya mto, unavuka kwa kukanyaga mawe. Mashine inaandika kila kitu: bega lilivyoshuka, nyonga ilivyosita, shingo ilivyogeuka. Majina yalifutwa, zikabaki namba. Watu wa maabara waliamini hiyo inatosha.

Haikutosha.

Miongoni mwa wagonjwa walioletwa na hospitali walikuwamo mashahidi. Watu waliosimama mahakamani wakawataja wafanyabiashara wa silaha, kisha serikali ikawaficha. Walipewa majina mapya, nywele mpya, wengine hata meno mapya. Lakini hakuna aliyepewa mwendo mpya. Mwenye rekodi za maabara hii angeziweka kwenye kamera za barabarani, akae, asubiri. Siku moja kituoni kamera ingesema: ni yule pale.

Mmoja wao alikuwa dada yake Sindano.

Alikuwa karani wa ghala. Aliona masanduku ya bunduki, akasema aliyoyaona. Risasi ikampata nyonga. Tangu afichwe, Sindano hakujua anaishi wapi, anaitwa nani, anakula nini. Ndiyo sheria. Mama yao alipofariki, kiti cha mtoto mkubwa kilikaa kitupu, na Sindano akawaambia ndugu kwamba dada amesafiri.

"Tayari?" Daktari akauliza. "Ukiona kivuli mbele yako, usiogope. Ni mwendo wa mtu aliyewahi kucheza. Tunawaonyesha wageni ili wasijione peke yao. Mfuate tu."

Akamvika miwani.

Chumba kikatoweka. Mto ukamwagika mbele yake, maji ya kijani. Na juu ya jiwe la kwanza alisimama mtu. Hakuwa na uso wala nguo, nukta za mwanga tu.

Kivuli kikaanza kuvuka. Bega la kulia lilishuka kidogo. Mkono wa kushoto ukajisugua pajani, mara moja, kama mtu anayefuta unga.

Sindano akautambua mkono ule.

Kivuli kilifika jiwe la kati, kikasimama. Kikageuza shingo, kikatazama nyuma, kikangoja.

Dada alikuwa hivyo. Tangu utotoni, njia ya shule, hakuwahi kuvuka mtaro bila kugeuka kuangalia kama mdogo wake anakuja. Siku aliporekodiwa humu alikuwa peke yake, chumbani, amefungwa mikanda. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Bado alingoja.

"Nakuja," Sindano akanong'ona.

"Sindano." Sauti ya Mkuu ikakwaruza sikioni. "Prado nyeusi imeegeshwa. Mnunuzi ameshuka. Anapanda ngazi."

Kivuli kilikuwa kimempa mgongo tena.

"Sindano! Umelala?"

"Nimekupata, Mkuu."

Akabonyeza kifungo. Mtandao ukafa.

Akavua miwani.

Daktari alikuwa amesimama kando ya meza, anachomoa diski nyeusi kwenye kompyuta. Akageuka. Akamtazama Sindano usoni, akatazama taa ya mtandao iliyozimika, na akaelewa. Mkono wake ukazama kwenye droo, ukatoka na bastola.

Aliishika vibaya. Kama mtu anayeshika samaki.

"Kaa hapohapo, mama."

"Weka chini, Daktari. Wewe si mtu wa hiyo."

"Si yangu. Wamenipa wao." Jasho lilimchuruzika. "Chuo kinafunga hii maabara. Wamesema tunacheza tu. Mashine zinakwenda stoo! Wale wameniahidi jengo, vijana wa kufanya kazi, mchezo utafika kila hospitali. Na ni nukta tu, hazina majina!"

"Kivuli cha leo kina jina. Ni dada yangu, tumbo moja. Mnunuzi wako akimpata, hatamwuliza nyonga inaendeleaje."

"Sikujua."

"Na hiyo bastola ulipewa ya nini? Ya kupigia picha?"

Daktari akaitazama bastola, lakini haikushuka. Walitenganishwa na hatua chache na magodoro. Asiyezoea bunduki ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hata yeye hajui itafyatuka lini.

Sindano akapiga hatua. Mguu ukajikwaa kwenye waya wa mkanda, au ukajitia kujikwaa. Akalegea, akaporomoka kifudifudi.

Daktari alinyoosha mikono yote miwili.

Hakufikiri. Miaka yake yote ya kudaka watu ilimsukuma mbele. Bastola ikaangukia huku, diski kule, na viganja vyake vikamdaka Sindano mabegani, kwa upole, kama ilivyo kazi yake.

Kufumba na kufumbua, alikuwa chali, goti la Sindano kifuani.

Wakatazamana.

"Ulidhani naanguka kweli," Sindano akasema.

"Ndiyo," akajibu. Machozi yakamtoka.

"Asante kwa kunidaka."

Akamtia pingu, mikono mbele.

Hatua zikasikika koridoni. Viatu vizito, haraka. Sindano akajibanza nyuma ya mlango, miwani ya mchezo mkononi.

Mlango ukafunguka. Akaingia mgeni mrefu, suti ya kijivu, mkono ndani ya koti.

"Diski iko wapi?"

Sindano akamvika miwani usoni, akaibana kwa nyuma.

Mto ukamwagika mbele ya mgeni. Akapiga ukelele, akatupa mikono hewani, akatafuta jiwe la kukanyaga. Teke moja la nyuma ya goti likamaliza kazi.

Huyo hakuna aliyemdaka.

"Mkuu, mvua imekatika," Sindano akasema, akimfunga mgeni mikono kwa mkanda wa kiunoni. "Wawili, wote hai."

"Kazi nzuri. Vijana wanapanda. Sasa futa kila kitu. Diski na kompyuta kuu. Kikibaki kipande, kesho atakuja mwingine kukitafuta."

"Mkuu..."

Sauti ya Mkuu ikabadilika. "Dada yako yumo?"

"Yumo."

"Anaonekanaje?"

"Anatembea, Mkuu. Anachechemea kidogo, lakini anatembea."

"Basi umemwona. Futa, mwanangu."

Akaketi kwenye kompyuta. Daktari, kutoka sakafuni, akamwambia zilipo rekodi na maneno ya siri ya kuzifungulia. Hakulazimishwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mmoja unaweza kumchukua. Ni faili dogo, linaingia hata kwenye simu. Sitasema kwa mtu."

Sindano alijua anamaanisha wema.

Kwenye skrini kivuli kilisimama juu ya jiwe la kati, kimegeuka, kinamtazama mtu asiyekuwepo. Picha za dada zilichomwa zote siku alipofichwa. Hii ndiyo iliyobaki duniani. Sindano akagusa kioo pale ambapo pangekuwa na shavu.

Simu huibwa. Simu hudukuliwa. Na mtu aliyekuwa tayari kununua mwendo wa dada yake yupo, na ana wenzake.

Akabonyeza.

Bega likazimika kwanza. Kisha mkono. Shingo ikabaki peke yake kidogo, imegeuka. Kisha mto wote ukawa mweusi.

Aliipasua diski kwa kisigino.

Daktari alikuwa analia bila sauti, kwa ajili ya wote waliokuwa wamevuka mto wake. Sindano alipoinuka, alimwita, "Ngoja kwanza, mama. Utaanguka na huo waya." Akajikokota kwa magoti, na kwa mikono yenye pingu akaufungua waya uliomzonga Sindano mguuni. Akaukunja vizuri, akauweka pembeni.

"Nitalisema hilo ofisini," Sindano akamwambia. "Halitakuepusha na jela, lakini nitalisema."

"Lisemwe tu."

Vijana wa ofisi wakaingia. Sindano akapita katikati yao, gauni limenyooka, hakuna aliyeona macho yake.

Koridoni yule mzee wa kofia alikuwa ameamka.

"Ni zamu yangu?"

"Leo hakuna mchezo, baba. Wamefunga."

"Aa! Na ngazi zote zile nimepanda! Ningejua ningebaki kwangu nigombane na redio." Akahema. "Huyu Daktari hunisindikiza hadi chini. Yuko wapi?"

"Amepata dharura. Nishike mimi."

Akampa mkono. Ving'ora vilikuwa vinalia barabarani, watu wenye bunduki wakipanda kwa kasi ngazi hizohizo. Sindano hakugeuka. Alishuka kwa mwendo wa mzee, ngazi moja, pumzi mbili, akimwonyesha kona na akimshikia mlango.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta kando ya barabara, mzee akasimama kuvuta pumzi.

"Umelelewa wewe," akasema. "Nani amekufundisha kushika watu wazima hivi? Mama?"

"Dada yangu."

"Yuko mbali?"

"Yuko mbali, baba."

"Basi ukimpigia mwambie kuna mzee anamsalimu sana."

Sindano akatazama barabara, watu wanavyopita, kila mmoja na mwendo wake.

"Nitamwambia," akasema.

Akamvusha.