Nukta Iliyofika Kwanza

Asubuhi yenyewe haikuwa na neno. Jirani yetu mmoja, mama mshona sare za shule, alikunywa chai yake, akalipiga pasi gauni la mteja, akafunga chumba na kutoka na mdogo wake kwenda kwenye mchezo wao. Mdogo wake alikuwa fundi simu, mtaa mzima ukimwita Chaji. Wazazi walipofariki, dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa sindano na uzi, na wakiwa wawili tu kijana alimwita Bimkubwa. Mbele za watu aliona haya, akamwita dada kama kawaida.

Mchezo wenyewe ukiusikia utasema hawa watu hawana kazi. Kompyuta huchukua tarehe ya siku, ikaichanganya na bei za soko la hisa, ikatema namba. Namba hizo ni mahali kwenye ramani. Hakuna anayepachagua, na kesho patakuwa pengine. Kazi yako ni kupatafuta hadi uweke mguu, upige picha, urudi nyumbani na miiba kwenye pindo la sketi. Namba ziliwahi kuwapeleka nyuma ya choo cha watu, wakafukuzwa kama wezi.

Siku hiyo ziliangukia chini kabisa ya korongo, ukingoni mwa mto, kule ambako milima imebanana hadi jua linaingia kwa kuibia.

Korongo hilo walilijua, na walikuwa na sharti lao. Kuta zake za mawe hurudisha sauti na kuigeuza. Anayekuita kutoka kushoto unamsikia kulia. Waliwahi kupotezana humo kwa kufuatana kwa sauti. Tangu hapo Chaji aliziunganisha simu zao kwa vijiredio alivyovitengeneza mwenyewe, kila mmoja akawa anamwona mwenzake kama nukta kwenye kioo cha simu, yake nyekundu, ya dada buluu. Wakakubaliana kwa kiapo: korongoni sauti haifuatwi, inafuatwa nukta.

Kwenye njia panda Chaji alisema atapita juu ya jabali achungulie njia ya mkato. Dada akamtania kwamba njia zake za mkato hufika chakula kimeshapoa. Yeye akashuka kwa njia ya mbuzi, polepole, maana magoti yalishaanza kumgomea.

Nukta nyekundu nayo ilishuka. Ilikwenda haraka, tena moja kwa moja, pasipo na njia. Akawaza, huyu mtoto ana wazimu. Halafu ikatulia palepale namba za siku hiyo zilipoangukia. Akatabasamu. Kijana amefika.

"Dada."

Sauti ilitoka juu, nyuma yake.

"Dada, nimeteleza. Njoo unishike."

Akainua macho. Jabali lilikuwa limechomoza, halionyeshi kitu. Akatazama simu. Nukta iko chini, mtoni. Akajiambia ni kuta hizo, zinamchezea.

"Uko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na mwingine.

"Huku juu. Mikono inachoka. Bimkubwa, tafadhali."

Akageuka, akaanza kupanda. Ndipo sauti ileile, ya mdogo wake yuleyule, ikatoka mtoni, tulivu, ina kicheko ndani yake.

"Nimefika. Njoo."

Zote mbili kwa pamoja. Moja inalia. Moja inacheka.

Alisimama katikati. Aliogopa kupanda. Aliogopa kushuka. Mwanangu ni yupi? Macho yakarudi kwenye kioo, kwa sababu ndivyo walivyoapa, na ni Chaji mwenyewe aliyelitaka sharti hilo. Nukta ilikuwa palepale.

Akashuka.

Ya juu ikaita tena. Akaziba masikio. Akashuka mbio. Akaanguka, akainuka. Ya juu ikanyamaza.

Mtoni hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa laini, haujakanyagwa. Kwenye kioo, nukta nyekundu ilikuwa imekaa juu ya ile yake ya buluu. Akahisi pumzi shingoni. Akageuka. Hakuna. Kule juu mawe yakaporomoka, na baada ya mawe, kitu kizito. Hapo ndipo alipoelewa, akapiga ukunga, na kuta zikamrudishia kutoka kila upande.

Waliomtoa Chaji walisema viganja vilikuwa vimechunika hadi nyama. Alikuwa ameng'ang'ania kwa muda mrefu. Simu yake ilikuwa mfukoni, imepasuka vipande.

Baada ya mazishi dada alirudi kwenye cherehani. Mambo haya alitusimulia sisi majirani mara moja tu, akatuonyesha simu yake. Nukta nyekundu ilikuwa bado inatembea. Kila siku ilikwenda popote namba zilipoangukia, ikatulia hapo. Tulimsihi aitupe hiyo simu. Akasema alishamwacha mara moja, hamwachi tena.

Juzijuzi akamnong'oneza jirani wa ukuta mmoja kwamba siku hiyo namba zimeangukia chumbani kwake mwenyewe. Akaingia, akatia komeo, cherehani ikaendelea kulia.

Ilikuwa mchana kweupe, watu wako kwenye shughuli zao. Jirani huyo alisikia mlango ukigongwa kwa upole, na sauti ya kijana ikisema, "Bimkubwa, nimefika." Cherehani ikanyamaza. Jirani akagonga ukuta kwa ngumi ili asifungue. Kisha akamsikia mama wa watu akisema taratibu, huku analia, "Safari hii nakuja, mwanangu."

Komeo likavutwa.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi na sare ya mtoto ingali chini ya sindano. Mwenyewe hajaonekana hadi leo. Sakafuni, kuanzia kizingitini hadi kwenye kiti chake, palitapakaa mchanga wa mto, mbichi, una nyayo za miguu mitupu zinazoingia. Za kutoka hatukuziona.