Inzi wa Mwalimu Agripina

Mwalimu Agripina alikuwa anabembeleza auziwe ndizi zilizooza. Ndiyo, zilizooza. Soko la Mbulu Jumamosi asubuhi, watu wamejaa, ukungu bado haujaondoka, na yeye, mwalimu mzima wa baiolojia, sketi ya rangi ya haradali na sweta la kijivu, ameinama anachagua zile nyeusi kabisa. Muuza ndizi alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, na mimi simlaumu.

Hapo ndipo Wilbard alipomgonga na kibuyu. Huyu Wilbard ni daktari wa mifugo, kijana wa Basotu kule Hanang, mrefu, gambuti zake zina tope, na begani alikuwa na kibuyu cha maziwa mgando alichotumiwa na mama yake kwa basi.

"Samahani, mwalimu. Nimekuumiza?"

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkono wa sweta. Hizo ndizi unawalisha wanafunzi?"

"Nawalisha inzi."

"Basi mimi natibu ng'ombe, wewe unafuga inzi. Tukiungana tutatajirika."

Agripina alicheka, na si kwa sababu ya utani, maana utani wenyewe ulikuwa wa kijinga. Alicheka kwa sababu ya harufu: ule moshi wa kuni unaofukiziwa kibuyu, umechanganyika na siagi. Bibi yake aliyemlea kijijini Masieda alifukiza vibuyu hivyo hivyo kila alfajiri, kisha akampa kikombe cha maziwa. Mtu aliyenusa moshi huo kila siku kabla ya kushiba atamfuata yeyote anayenukia hivyo. Alitoa namba ya simu kabla hajaombwa.

Simu zilianza usiku ule ule, na wote wawili walikuwa wanachosha kuwasikiliza.

"Daktari wa ng'ombe, umekula?"

"Nimekula, mama inzi. Nimekumisi."

"Muongo. Umemisi ndama zako."

Wiki ya tatu alimkaribisha maabara ya shule akaone. Chupa mbili za plastiki zilikuwa zimeunganishwa mdomo kwa mdomo kwa selotepu, na ndani inzi wadogo wa matunda. Upande mmoja pamba yenye mdalasini, upande wa pili pamba yenye mchaichai.

"Jana kila waliponusa mdalasini niliitikisa chupa," Agripina alisema. "Leo sitikisi. Tazama."

Karibu wote walikimbilia mchaichai.

"Wanachukia mdalasini," alisema Wilbard.

"Hawachukii. Wenzao ambao sikuwatikisa wanaufuata vizuri tu. Kuna sehemu ndogo kwenye ubongo wao inayoifunga harufu pamoja na kilichowapata mara ya mwisho walipoinusa. Hawa hawanusi mdalasini, wananusa jana."

"Maskini. Wapumbavu kweli."

Wakacheka sana, wasomi hao wawili, wakiwadharau wadudu.

Mapenzi yalipokolea, Agripina aliamua kumpeleka Wilbard Masieda kwa bibi. Kule kwao mwanamume hapelekwi kwa bibi kutembea tu. Akipelekwa, ndiye huyo, na Agripina alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakutaka kukosea mara ya pili. Wilbard alilielewa hilo, akaogopa, akaenda kuomba ushauri kwa Basili, muuza mitumba aliyeachwa na wanawake watatu.

"Utaenda kwa watu unanuka zizi na moshi?" Basili alimwuliza. "Jipake pafyumu, ndugu yangu. Uwe mtu wa mjini."

Mjini, eti. Mji wenyewe ukipiga chafya unasikika mwisho hadi mwisho.

Jumapili Wilbard alisimama stendi ndani ya suti ya bluu iliyombana kwapani, viatu vimechongoka, na nusu chupa ya pafyumu shingoni. Kondakta wa basi la Haydom, linalopita Masieda, alirudi nyuma hatua mbili. Agripina alikuja na kitenge cha kijani, anatabasamu, mpaka alipomkaribia. Tabasamu likakatika, akageuza uso.

"Mpenzi, nimependeza?"

"Sijisikii vizuri. Leo siendi."

"Unaumwa wapi? Twende hospitali."

"Usinisogelee, Wilbard."

Akarukia bodaboda, akaondoka. Wilbard alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Hapo akili yake yenye digrii ikapata jibu: Agripina amemwona ni mtu wa nyikani tu aliyevishwa suti. Akazima simu, akanuna wiki nzima kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Agripina naye alilia bila kujua analia nini. Mwalimu aliyefundisha jambo hili kidato kwa kidato ilimchukua siku nne kukumbuka Sylvester, afisa mmoja aliyehamishiwa Mbulu kutoka mbali, akamwahidi ndoa miaka miwili, hadi siku mke wake alipopiga simu. Sylvester alijipaka pafyumu ile ile. Mapazia yalifuliwa mara tatu ndipo harufu ikatoka. Agripina alijidharau sana.

Alimfuata Wilbard kwenye josho la ng'ombe, mchana kweupe, wafugaji wote wakitazama.

"Mwalimu. Umepotea njia?"

"Sikukimbia kwa sababu ya kwenu Basotu. Ilikuwa pafyumu. Kuna mwanamume alinidanganya miaka miwili, kumbe ana mke. Ndiyo aliyokuwa anajipaka."

 Wilbard akasema kwa majivuno, "Nilishaitupa chooni. Hutainusa tena."

"Nani alikutuma uitupe?"

"Si ndiyo iliyokukimbiza—"

"Na nikiinusa kwa mtu kanisani, nikimbie? Kwenye basi, nishuke? Miaka yangu miwili alishachukua. Simwachii na pua."

"Sasa unataka nini, Agripina?"

"Inzi ukiwapa mdalasini kila siku bila kuwatikisa, wanarudi. Kuwarudisha ni kazi kuliko kuwaharibu, lakini wanarudi. Kanunue nyingine. Jipake kidogo. Uje kwangu kila jioni ukae mlangoni, na kesho yake usogee kidogo."

"Mpaka lini?"

"Inzi ilikuwa siku tano. Mimi sijui. Nikikuambia toka nje, utatoka, na kesho utarudi. Utaweza?"

"Nitaweza." Aliwatazama wale wafugaji waliotega masikio. "Lakini nikija kwako kila jioni, watu watasema nini?"

"Watasema ni mume wangu."

 Wilbard alivua glavu, akamshika mkono mbele ya ng'ombe na wenye ng'ombe.