Chupa za Choya

Tangu asubuhi Mwanaheri hakutulia. Alifagia uwanja mara mbili. Aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena kuzitazama chupa zake.

Ilikuwa mwaka 1994, Mkolani. Mumewe, Muharami, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na sasa aliuza mitumba sokoni Nyegezi. Keshokutwa wageni wangekuja kumposa Yasmin, dada yake Muharami. Kununua soda za watu wote hawakuweza. Kwa hiyo Mwanaheri alichuma choya, yale maua mekundu yanayojiotea porini, akatengeneza sharubati na kuijaza kwenye chupa.

Adhuhuri, mama mkwe wake alikuwa akiswali karibu na mlango wa jikoni. Mara, paa! Kizibo cha chupa moja kiliruka. Sharubati ikamwagika mpaka kwenye mkeka wake.

Mama mkwe alimaliza sala, akainama, akanusa.

"Mwanaheri! Hii ni pombe."

"Hapana, mama. Ni choya tu."

"Choya gani inatoa povu? Tuwape pombe watu wanaokuja kuposa? Watasema tumewatukana!"

Mwanaheri alifuta mkeka haraka. Alichukua chupa moja, akakimbia kwa jirani yake, Teodora, mama yake Nestory, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vinywaji.

"Shikamoo, Mama Nestory."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Teodora alifungua chupa polepole, akanusa.

"Imechacha. Uliichemsha?"

"Niliroweka tu kwenye maji."

"Sukari?"

"Nilitia kidogo."

"Na chupa?"

"Nilizisuuza."

"Ndiyo maana. Maua yana chachu, hata chupa ina chachu. Usipoiua kwa moto, inakula sukari na kugeuza kinywaji kuwa pombe. Mama mkwe wako hakukosea. Mwaga zote."

"Zote? Na wageni keshokutwa?"

"Zote. Kesho tuchume maua mengine."

Kesho yake asubuhi walikwenda upande wa Usagara. Mwanaheri alitangulia mbio hadi ukingoni mwa shamba la pamba. Choya ilikuwa imestawi hapo.

"Usiguse!" Teodora alipaza sauti. "Pamba hiyo imepigwa dawa ya wadudu. Dawa inarukia maua. Utawalisha wageni sumu."

Walipanda kwenye majabali, mbali na mashamba, wakajaza kikapu.

Nyumbani waliondoa mbegu, wakaosha maua, wakayachemsha mpaka maji yakawa mekundu sana. Wakachuja kwa kitambaa safi. Kila kikombe cha maji ya choya kilipata kikombe kimoja cha sukari. Wakaongeza ndimu, wakachemsha tena.

"Sasa nijaze?" Mwanaheri aliuliza. Alikuwa ameshashika kata ya kuchotea.

"Subiri! Chupa bado zinachemka kwenye sufuria. Zitoe zikiwa za moto, ujaze sharubati ikiwa ya moto, uzibe papo hapo. Chupa baridi itapasuka."

Usiku ule Mwanaheri aliamka mara tatu kusikiliza. Chupa zilikuwa kimya.

Siku ya posa, alichanganya sharubati na maji yaliyochemshwa na kupoa. Akaingia na sinia la glasi. Wageni walikitazama kinywaji kile chekundu kisichokuwa soda. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama mkwe alichukua glasi ya kwanza. Alinusa. Akanywa hadi nusu, mbele ya watu wote.

"Karibuni," alisema. "Ameitengeneza mkwe wangu."

Glasi zikaisha kwenye sinia. Mjomba wa bwana harusi akaomba nyingine, kisha akaomba na chupa ya kumpelekea mkewe.

Jioni, posa ikiwa imekubaliwa, mama mkwe alimfuata Mwanaheri jikoni.

"Jumamosi tuondoke mapema," alisema. "Unionyeshe hayo majabali mlikochuma choya."